Asali Iliyorudi Kutoka Namanga

Ujumbe wa Dilip ulinikuta nikifanya kazi ninayoiweza kuliko zote, yaani kukaa mbele ya kompyuta bila kuandika. "Kaka Gervas, Mama ametutoka," aliandika, kwa Kiswahili chake cha utotoni kilichokaa Uingereza miaka yote hii bila kukua, kama shati la shule lililohifadhiwa sandukuni. "Tumeshafanya mazishi ya moto. Alisema majivu yake yapelekwe Singida, yatiwe ziwani. Wewe ulikuwa afisa wake wa nyaraka. Niambie sheria inataka nini ili aingie." Niliondoka mezani, nikachemsha chai, nikaiacha ipoe. Sijawa afisa wa kitu chochote tangu mwaka ule. Ninaandika makala ambazo watu huzisoma wakisubiri kung'olewa meno, na nikialikwa kuzungumza vyuoni hutambulishwa kama mtu aliyewahi kufanya biashara ya kimataifa. Huwa sisahihishi. Biashara yangu yote ya kimataifa ilikuwa lori moja la asali, nalo lilirudi.

Nilifika Singida nikiwa na shahada ya uchumi na tasnifu nene juu ya biashara ya kuvuka mipaka, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuwa amevuka mpaka wowote isipokuwa wa mkoa, tena akiwa amelala ndani ya basi. Nilikotoka ni mbali, kusini, na walionilea hawahusiki na habari hii. Pale Singida hakuna aliyeniuliza habari zao, na hilo lilikuwa sehemu ya tabu yangu. Aliyeniajiri ni Kantaben, mjane wa Kihindu mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la mjini. Mji mzima ulimwita Bi Kanta. Tangu mumewe afariki, duka lilikuwa likiuza misumari na bawaba kwa wateja wanaopungua, naye akaamua kujaribu kitu ambacho mumewe hakuwahi kujaribu: kununua asali ya wafugaji nyuki wa upande wa Ikungi, kuichuja uani kwake, na kuipeleka Nairobi. Alimpata mnunuzi. Alichokosa ni mtu wa kuzielewa karatasi. "Umesoma mambo ya mipaka?" aliniuliza siku ya kwanza, akiwa amekaa nyuma ya mizani. Nikasema nimesoma. "Vizuri. Mimi mipaka sijaisoma, ila inanisoma mimi." Sikuelewa alichomaanisha, kwa hiyo nilicheka, na yeye hakucheka.

Chumba nilichopewa kilikuwa uani, kati ya ghala la asali na jiko lake. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza ambayo mguu mmoja ulisimama juu ya kipande cha tofali, na dirisha la wavu lililotazama ghala. Kila asubuhi nyuki walijazana kwenye wavu ule, wakinguruma kwa adabu, kama wadai waliokuja kuulizia mali yao. Upepo wa Singida haukuwa na siku ya mapumziko. Ulileta vumbi kutoka kwenye mawe makubwa nyuma ya mji, ukalitandaza juu ya karatasi zangu, na mimi nikalifuta, na ukalirudisha. Jioni Bi Kanta alipika mchele na dengu hadi vikawa kitu kimoja laini cha manjano, akaninyooshea sahani kupitia dirisha la jiko. Hakula nyama wala hakuiruhusu uani. Katika mkoa ambao kuku wake husafirishwa hadi Dar es Salaam kama abiria wenye tiketi, mimi nilikula dengu. Nilikaa kwenye kizingiti cha chumba changu, yeye akakaa jikoni, ukuta katikati. Nilisikia bangili zake zikigonga sahani, na bila shaka yeye alisikia kijiko changu. Sikumbuki hata siku moja tuliyokula pamoja. Wala sikumbuki siku tuliyokula bila kusikiana, na sasa ninapoishi kwenye nyumba yenye kuta nzuri zisizopitisha sauti, ndipo nimejua kwamba ile nayo ilikuwa namna ya kula na mtu.

Jumapili ilikuwa siku ya simu ya Dilip, mwanawe wa pekee. Bi Kanta alianza kwa Kigujarati, taratibu, na hasira ilipopanda akahamia Kiswahili, kwa sababu, alivyoniambia baadaye, Kigujarati alifundishwa na mama yake na hakuwahi kufundishwa nacho matusi. "Dilip, mimi si kabati!" nilimsikia siku moja. "Kabati ndilo wenye nyumba wakiamua linahamishwa." Sauti nyembamba ya mwanaume ilitoka kwenye simu kama nzi ndani ya chupa. "Najua niko peke yangu. Nani amekwambia sijui? Nimezaliwa chumba cha juu hapa hapa, duka hili hili. Huko kwenu nitamjua nani?" Kisha, kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu ya mteja mbishi: "Haya. Tuelewane. Asali ikivuka mpaka, nabaki. Isipovuka, nauza duka, nakuja. Ndilo neno langu. Na wewe usinibadilikie." Alipotoka nje alinikuta bombani, nikiosha sahani niliyokwisha kuiosha.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Sikusikia, Mama."

"Basi nimeajiri kiziwi. Asali ivuke, Gervas."

Ndivyo nilivyojua kwamba karatasi zangu zilikuwa zimebeba zaidi ya asali. Jamaa nyingi za kwao zilikwisha kuondoka, wengine Dar, wengine ng'ambo, na waliobaki mjini walikuwa wachache, wakitembeleana kwa sikukuu na kwa misiba. Lakini asubuhi, kina mama wa kijiji cha Mtinko walipokuja na matenga ya mayai, Bi Kanta alikaa nao kwenye ngazi za duka akiongea Kinyaturu, haraka, kwa mikono, na wote wakacheka hadi wakashikana mabega. Mara nyingine walinitazama kisha wakacheka zaidi. Mimi, mwenye kitambulisho cha kura na jina la Kikristo na ngozi isiyouliziwa maswali mjini, sikujua hata kuamkia kwa lugha ile. Mgeni pale uani nilikuwa mimi. Nililijua hilo kila siku saa ya mayai.

Kwa hiyo nilihamia ndani ya kanuni. Nilizipenda kama mtu mpweke anavyopenda chochote kinachomjibu. Ukiuliza swali, kanuni hujibu. Inakwambia nenda dirisha fulani, leta nakala, subiri. Nilijifunza kwamba bidhaa iliyopatikana yote nchini, bila kuchanganywa na ya nje, huingia kwa jirani bila ushuru mradi ifuatane na cheti cha uasili, karatasi inayosema ilikotoka. Nilijifunza kwamba maabara ipime asali na kuandika ilichokiona. Kwamba kinachoandikwa kwenye tamko la forodha ndicho kiwepo ndani ya lori, hicho na si kingine. Na kwamba lori likishafungwa lakiri na afisa wa forodha, hakuna wa kulifungua hadi mpakani. Jioni nilimweleza Bi Kanta haya kupitia ukuta, naye akajibu kupitia ukuta.

"Na nyuki wakivuka wenyewe?"

"Nyuki hawahitaji cheti, Mama."

"Heri yao."

Kabla ya mavuno nilipelekwa Ikungi kuwaeleza wafugaji nyuki masharti ya soko la nje. Nilifuatana na Halima, mama mmoja wa mtaa wa Mandewa aliyekuwa mchujaji mkuu wa asali uani kwetu, mwenye mikono minene na ulimi usiopumzika, ili anitafsirie kwa wazee. Tulikaa kwenye ofisi ya kikundi, chumba cha tofali chenye mizinga mitupu ukutani. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Ntandu, mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata juani. Nilisimama mbele yao nikiwa na chaki. Nilizungumza kuhusu usafi, kuhusu ndoo za plastiki zenye vifuniko, kuhusu moshi usizidi. Halafu nikafika kwenye jambo nililoona ni la msingi, nikalisema polepole, nikigonga ubao. "Mnunuzi wa Nairobi hatujui. Hajawahi kutuona. Hatamwamini mtu kwa maneno. Anataka uthibitisho kwamba asali hii ni halisi, haikutiwa sukari. Bila uthibitisho, mpakani hatupiti." Halima akatafsiri. Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kukubali kabisa.

"Ana haki," akasema Mzee Ntandu. "Siku hizi watu wanachemsha sukari mpaka inakuwa nyekundu, wanaita asali. Hata mimi ningekuwa yeye ningetaka kuona."

"Mmeelewa, wazee wangu?"

"Tumeelewa, mwanangu. Hilo usiwe na wasiwasi nalo."

Walitupa ugali wa mtama, mlenda, na kuku. Nilimla kuku yule kwa namna iliyomfanya Halima aseme mbele ya kikundi kizima, "Afisa, mifupa nayo ina haki ya kupumzika." Wakacheka, nami nikacheka, na kwa muda wa mlo ule sikuwa mgeni. Usiku huo, kwenye ripoti yangu, niliandika kwamba washiriki walielewa somo vizuri. Walilielewa vizuri sana.

Asali ilikuja na kiangazi. Halima na wenzake waliichuja kwa vitambaa vyeupe hadi ikawa kama kioo cha kahawia, unaweza kuona kidole chako upande wa pili. Maabara iliipima na kuisifu. Uani kulikuwa na ndoo zimepangwa hadi mlangoni kwangu, nikawa natoka chumbani kwa ubavu. Siku ya kupakia, asubuhi, nilikwenda kuchukua cheti cha uasili kilichogongwa muhuri, nikakaa kwenye benchi nikimsubiri mwenye muhuri kama mchumba anayesubiri majibu. Niliporudi lori lilikwisha kusogezwa, vifuniko vimebanwa, na Mzee Ntandu na wenzake wawili wamekaa kivulini wakinywa chai ya Bi Kanta. Nilidhani wamekuja kuaga mzigo. Afisa wa forodha aliyeshuhudia kupakia alilinganisha karatasi na idadi ya ndoo, akainua moja aliyoichagua mwenyewe karibu na mlango, akaipima uzito kwa mkono, akaridhika, akafunga lakiri. Bi Kanta alipaka alama nyekundu kwenye bampa ya lori, akapasua nazi mbele ya gurudumu, nazi iliyosafiri kutoka pwani kwa kazi hiyo tu. Maji yake yakamezwa na vumbi mara moja. Mzee Ntandu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa na uso wa mtu aliyeficha zawadi.

"Nenda kwa amani, mwanangu. Huko mbele hakuna atakayetubishia."

"Asante, mzee."

"Hata mmoja."

Nilikaa mbele na dereva, bahasha ya karatasi mapajani, Babati, Arusha, hadi Namanga. Dereva alikuwa mtu wa kimya, na mimi nilikuwa na furaha ya kimya, furaha ambayo sikuwa na wa kumwambia. Nilijaribu kuwaza ningemwambia nani habari za kuvuka kwetu. Jina lililokuja lilikuwa la Bi Kanta tu, na yeye nilikuwa nimemwacha akifagia vipande vya nazi.

Mkaguzi upande wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alisoma karatasi zangu zote, akasema ni nadra kuona zilizopangwa vizuri namna ile. Nilitaka kumkumbatia. Kisha akakata lakiri, akamwambia kibarua wa mizigo ashushe ndoo kutoka katikati, akabandua kifuniko. Juu ya asali kama kioo kilielea kipande cha sega, kikubwa kama kiganja, cheusi pembezoni, kimejaa majana, yaani watoto wa nyuki, weupe kama punje za mchele. Nyuki wawili watu wazima walikuwa wamelala juu yake, wamekufa, mabawa yameng'aa.

"Hii ni nini?"

"Ni asali, mama."

"Asali naiona. Nauliza hiki."

Akafungua ndoo nyingine, na nyingine. Kila moja ilikuwa na sega lake, limekatwa kwa uangalifu, kipimo kimoja. Wakala wetu wa forodha, kijana aliyekuja kutupokea, aliinama sikioni kwangu. "Kaka, ni nani kawaroga nyie?" Mkaguzi aliifuta miwani yake. "Karatasi zinasema asali iliyochujwa, isiyo na sega wala mdudu. Hiyo ndiyo iliyopimwa. Ungetamka asali ya sega, ukaleta na kibali cha mifugo, tungezungumza. Umetamka kimoja, umeleta kingine." Nikasema ni asali ileile. "Ndugu yangu, mimi sikutuhumu. Ninasoma tu." Nilimpigia mnunuzi, nikampa habari kwa uangalifu wa daktari. Akasema wateja wake wakikuta bawa ndani ya chupa atakuwa amekwisha, akatutakia safari njema. Mkaguzi akatupa hiari ya kuiteketeza au kuirudisha. Ilikuwa mchana, jua la utosi, na watu walivuka huku na huko na mikungu ya ndizi bila kutazamwa na mtu. Nikaenda nyuma ya lori kumpigia Bi Kanta.

"Mama, haijavuka."

Nilisikia redio ya dukani ikisoma matangazo ya vifo. Nilisikia mteja akiulizia bei ya kitasa.

"Umekula?" Bi Kanta akaniuliza.

"Bado, Mama."

"Kula kwanza. Halafu urudi."

Mzee Ntandu alikwisha kufika uani tuliporudi. Habari za Singida hutangulia magari. Halima alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa mara ya kwanza bila neno. Ndiye aliyewafunulia wazee vifuniko nikiwa kwenye benchi la muhuri, naye aliona ni jambo jema, kama kumfungulia mtu mlango aweke mboga kwenye kikapu cha msafiri. Nilimwamkia mzee, akaitikia marahaba, akaendelea kunitazama kwa mshangao usio na hila.

"Ulisema wanataka uthibitisho."

"Nilisema, mzee."

"Tukakata masega mabichi, alfajiri, yenye majana, maana hilo huwezi kulitengeneza kwa sukari. Mtu akiona majana anajua mzinga haujadanganya. Kwetu asali isiyo na sega hata mwizi anaipita."

"Uthibitisho wao ni karatasi, mzee."

"Ya nani?"

"Ya watu wa maabara."

"Wanafuga nyuki?"

"Hapana."

Hakuwa akinidhihaki. Aliuliza kama mtu anayetafuta njia ya kutokea ndani ya chumba chenye giza. Kisha nadhani aliiona, kwa sababu alivua kofia yake ya sufu, na kichwa chake chenye mvi kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Akamgeukia Bi Kanta, akachuchumaa, wakaongea Kinyaturu kwa muda mrefu. Mzee alijua kwamba asali isipovuka Bi Kanta angeondoka; Bi Kanta alikuwa amewaambia kina mama wa mayai, na kina mama wa mayai hawana lakiri. Sikuelewa neno. Nilisimama na bahasha yangu kama mtu aliyekosea msiba. Baadaye Halima aliniambia Bi Kanta alimjibu nini: kwamba hata yeye, angeletewa asali bila sega, asingeinunua, na kwamba siku ya kupakia aliwaona wakifunua ndoo na akaona wamefanya vyema.

Hilo nimelibeba miaka yote hii bila kujua pa kuliweka. Alikuwa amezichukua kanuni kutoka kwangu jioni baada ya jioni, ukutani. Alijua kinachotamkwa ndicho kiwepo. Na bado, aliposimama pale na birika la chai, aliona tu watu wa nyumbani wakifanya jambo la kawaida la nyumbani.

Asali iliisha ndani ya muda mfupi, hapo hapo Singida. Habari zilipoenea kwamba kwa Bi Kanta kuna asali yenye sega ndani ya kila ndoo, watu walikuja na madumu, na chupa, na masufuria, hadi wenye mabasi. Kibiashara hatukuumia. Mwalimu wangu wa uchumi angeniuliza basi kisa changu ni nini. Jumapili ilipofika, Bi Kanta aliipokea simu kwa Kiswahili tangu mwanzo. "Dilip, imeuzika yote! Hata tone halikubaki!" Nilikuwa kizingitini, sahani mapajani, nimeacha kutafuna. Nzi ndani ya chupa akasema kitu kifupi. Ingekuwa rahisi kudanganya. Uingereza hakuna anayekagua. "Hapana," akasema mwishoni. "Haikuvuka."

Nilivunja adabu ya ukuta, nikasimama kwenye dirisha la jiko. "Mama, mwambie tujaribu tena. Mwakani nitaandika asali ya sega, nitatafuta kibali cha mifugo. Inawezekana."

"Najua inawezekana."

"Basi?"

"Nilitamka, Gervas," akasema, akikusanya punje za dengu zilizoanguka mezani, moja moja. "Wewe ndiye ulinifundisha. Kinachotamkwa ndicho kiwepo."

Kazi yangu ya mwisho ya nyaraka ilikuwa kumfungashia. Niliandika vitu vyake kwa lugha ya forodha: vyombo vilivyotumika, nguo zilizotumika, picha zenye fremu, mizani ya shaba moja, iliyotumika. Maisha ya mtu yote huitwa vilivyotumika. Alitaka kubeba chupa ya asali, nikamtafutia masharti ya abiria, nikamwambia inaruhusiwa kidogo, ifungwe vizuri, ila sega alitoe. Aliifunga chupa ndani ya sari ya kijani, akaiweka katikati ya sanduku, akalikalia sanduku nikalibana. Asubuhi ya kuondoka alininyooshea sahani kupitia dirisha la jiko ingawa milango yote ilikuwa wazi. Kina mama wa Mtinko walikuja na mayai ambayo asingeweza kuyabeba, wakayaweka kwenye ngazi, hawakucheka. Gari lilipoondoka nilibaki kumngojea mnunuzi wa duka aje achukue funguo. Nilijipikia dengu, zikaungua. Ghala lilikuwa tupu, limeoshwa, lakini kila asubuhi nyuki walikuja kwenye wavu, wakakaa, wakanguruma, na mimi nikalala nikiwatazama, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kutazamana naye.

Alinipigia simu miaka mingi, kwenye sikukuu yao ya taa. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi. "Upepo upo?" "Upo, Mama," nilimjibu, hata baada ya mimi mwenyewe kuhama Singida na kutojua. Kisha simu zikapungua, kama zinavyopungua.

Nilimwandikia Dilip masharti: cheti cha kifo, cheti cha kuchomwa mwili, barua ya ubalozi, na atamke mwenyewe anapofika, asingoje kuulizwa. Orodha ilikuwa fupi kuliko ile ya asali. Nilimpokea kiwanja cha ndege, mzee mwenzangu mwenye kitambi na macho ya mama yake, mtu niliyekuwa nimeisikia sauti yake mwaka mzima bila kumwona. Alikumbatia mkoba mmoja na bahasha moja. "Yule dada wa forodha aliniuliza thamani," akasema tulipokuwa garini. "Nikakosa Kiswahili."

"Akaandika nini?"

"Hakuandika. Alinipa pole, akaniambia nipite."

Duka sasa linauza simu. Uani wamejenga vyumba vya kupanga, na dirisha la jiko limezibwa kwa tofali. Mzee Ntandu alikwisha kufa. Halima yupo Mandewa, mnene zaidi, anatembea kwa fimbo, na alitungoja ziwani kabla yetu, amefunga bakuli kwa kanga. Upepo ulikuwepo. Ziwa lilikuwa limejikunja kwa kiangazi na kuacha ukingo mweupe wa chumvi, heroe wachache wamesimama mbali kwa mguu mmoja mmoja. Dilip alivua viatu, akaingia maji ya vifundo, akafungua chombo cha shaba.

"Ngoja," akasema Halima. Alifungua kanga, akamega sega kwa vidole, kipande cheusi pembezoni, chenye majana, akaingia majini na fimbo yake, akakiweka juu ya majivu. Dilip alinigeukia. Yalikuwa macho ya mtu anayemtazama afisa.

"Hii ni ya nini?"

"Uthibitisho," akasema Halima.

Kulikuwa na kanuni, bila shaka, juu ya nini kinaruhusiwa kutiwa ziwani na nani. Sikuwa nimeitafuta. Nilimshikilia Dilip kifuniko, naye akamimina. Sega likazama kwanza. Majivu mengine upepo uliyachukua, ukatupaka kwenye suruali. Dilip alisimama majini muda mrefu na chombo kitupu, bahasha yake ya karatasi bado kwapani, haijalowa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kaka, sasa ninatakiwa kusaini wapi?"

"Hapa hakuna," nikamwambia.

Halima alikuwa akilamba asali vidoleni. Alitutazama sisi wawili, wanaume wazima tuliosimama kama mizigo isiyo na mwenyewe.

"Mmekula nyie?" akauliza.

"Bado," nikasema.